Watafiti wa biashara wa Afrika Mashariki wakae bweni moja

Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu, wafanyabiashara wa pande zote mbili walilazimika kutafuta wateja wapya na njia nyingine za kupata bidhaa. Mwanafunzi wa uzamivu aliyeko Kigali angeweza kuandika tasnifu nzima juu ya madhara hayo, na mwenzake wa Kampala vilevile. Lakini kila mmoja angeandika nusu ya habari, bila kujua kuwa nusu nyingine inaandikwa mwendo wa siku moja kwa basi.

Huo ndio upungufu wa utafiti wa biashara katika ukanda huu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Nyanya, saruji na vitenge vinavuka mipaka kila siku, ila mwanafunzi anayetafiti biashara hiyo amebaki na msimamizi wake mmoja, ambaye mara nyingi ana vipindi vingi na wanafunzi wengine wengi wanaomsubiri mlangoni.

Dawa yake inajulikana: shule ya likizo ya bweni. Wanafunzi wa uzamivu wa biashara kutoka nchi zote za Jumuiya wakutane kwa wiki mbili mahali pamoja. Asubuhi wajifunze mbinu za utafiti, mchana kila mmoja aweke rasimu yake mezani ikosolewe, na jioni mjadala uendelee kwenye chakula.

Jambo hili si geni Afrika. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika (AERC), wenye makao yake Nairobi, ulianzishwa 1988. Kupitia mpango wake wa uzamivu wa pamoja, wanafunzi wa uchumi kutoka vyuo mbalimbali, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakikusanywa Nairobi kusoma masomo ambayo chuo kimoja peke yake ni vigumu kuyapatia walimu wa kutosha. Ikiwa wachumi wameweza, wenzao wa uongozi, masoko na uhasibu wanashindwa nini?

Wapo watakaosema mikutano ya mtandaoni inatosha. Inasaidia, lakini haitoshi. Mtandaoni mwanafunzi huwasilisha kazi yake kwa dakika ishirini, hupongezwa, kisha huzima kompyuta. Bwenini hukutana tena na aliyemkosoa kwenye foleni ya chai, na hapo ndipo anapopata ujasiri wa kukiri kuwa sampuli yake ni ndogo, au kwamba hakuelewa takwimu alizozitumia.

Lipo pia suala la lugha. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali wafanyabiashara wengi wanahojiwa kwa Kiswahili. Neno "faida" katika kitabu cha uhasibu si lazima liwe "faida" ya mama muuza samaki, ambaye huhesabu kilichobaki baada ya watoto kula na ada kulipwa. Tena Kiswahili cha Goma si cha Mombasa. Dodoso lililotafsiriwa na mtu mmoja chumbani linaweza kukusanya majibu mengi ya swali ambalo halikueleweka. Likipitiwa na wenzake kutoka Bukavu, Bujumbura na Tanga, kosa litaonekana kabla ya fedha za safari kutumika.

Gharama ipo, ila inapunguzika. Mabweni mengi ya vyuo hupungukiwa watu wakati wa likizo, na nchi zinaweza kupokezana uenyeji. Wanaojilipia masomo wasitozwe, la sivyo shule itakuwa ya wenye wafadhili tu. Na isigeuzwe warsha ya hotelini ambako watu husaini karatasi ya posho, hupiga picha ya pamoja na kutawanyika. Anayekuja aje na rasimu yake, na asiye na rasimu asubiri mwaka unaofuata.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo linalofaa kuanza, likishirikiana na vyuo vya biashara na vyama vya wafanyabiashara. Serikali zinatunga sera za mipaka kila mwaka na zinahitaji ushahidi wa pande zote mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafunzi thelathini na bweni moja vinatosha kwa mwaka wa kwanza.