Hatari ya chomboni si maji peke yake

Tangu MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza mnamo Mei 21, 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mnamo Septemba 20, 2018, mjadala kuhusu usalama katika Ziwa Victoria umezunguka mambo mawili: idadi ya abiria na jaketi za kuokolea maisha. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, ipo hatari nyingine isiyotajwa sana katika fuo za Muhuru Bay, nayo haingoji dhoruba ndipo iue.

Hatari hiyo ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hutokea petroli, mafuta ya taa, kuni au makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha. Wanafunzi wasiichanganye na kabonidioksidi, ambayo kila mmoja wetu huitoa anapopumua. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu huendelea kupumua, ilhali mwili wake unanyimwa oksijeni.

Msomaji atauliza: mashua zetu ziko wazi na upepo wa ziwa haukatiki, je, gesi hiyo itakaa wapi? Swali hilo ni la busara. Katika chombo kilicho wazi, kinachokwenda kasi, hatari ni ndogo. Lakini mvuvi anayekesha ziwani hunyeshewa na kupigwa na baridi. Akijifunika turubai, akaweka jiko la makaa au karabai ndani yake, amejijengea chumba kisicho na dirisha. Vilevile, chombo kinapokwenda polepole, upepo ukivuma kutoka nyuma, moshi wa injini iliyofungwa tezini hurudi ndani. Turubai au kibanda kilichosimamishwa chomboni huuvuta moshi huo na kuuhifadhi.

Wala tusidhani kwamba uwazi wa ziwa ni kinga tosha. Mnamo Agosti 2000, watoto wawili wa familia moja walifariki katika Ziwa Powell, nchini Marekani, walipoogelea chini ya jukwaa la nyuma la mashua, mahali ulipokusanyika moshi wa jenereta. Uchunguzi uliofuata ulidhihirisha kwamba baadhi ya vifo vilivyodhaniwa kuwa vya kuzama tu vilikuwa na mkono wa gesi hii. Funzo hilo latuhusu. Mtu aliyelewa gesi akianguka majini usiku, ni nani atakayeuliza alivuta nini kabla ya kuanguka?

Tatizo jingine ni dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika eneo lenye malaria kama letu, ni rahisi mgonjwa kupewa dawa za malaria na kurudishwa mahali pale pale penye sumu. Zipo alama za kutofautisha. Gesi hii haileti homa. Aghalabu huwapata wote waliomo kwa pamoja. Na mtu hupata nafuu anapotoka kwenye hewa safi.

Nini kifanyike? Jiko lisiwashwe kamwe chini ya turubai wala katika chumba cha mabati anamolala mvuvi ufuoni. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu, kwa maana gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Jenereta ikae nje, mbali na mlango. Aliyeathirika atolewe upesi kwenye hewa safi na apelekwe hospitalini apewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu.

Vipo vifaa vya kutambua gesi hii, lakini si haki kumwambia mvuvi anayehesabu lita za petroli kwamba usalama wake unauzwa dukani. Kamati za usimamizi wa fuo, ambazo tayari husajili mashua na wavuvi, zaweza kukagua majiko na maturubai bila gharama kubwa. Mamlaka ya Bahari ya Kenya nayo iyaingize mafunzo haya katika kampeni zake za jaketi.

Walimu nao wana nafasi yao. Somo la mwako hufundishwa darasani kwa chaki na mlinganyo, kisha husahauliwa baada ya mtihani. Mwanafunzi wa Muhuru ambaye babake hulala ziwani ana sababu ya kulipeleka somo hilo nyumbani jioni ile ile, kabla mashua haijaondoka.