Kitenzi Kwenye Katoni: Maoni Kuhusu Projekta za Bei Nafuu

Tunaamini kwamba mwalimu wa Kiswahili hana budi kuonyesha manufaa ya sarufi nje ya chumba cha mtihani. Mfano tuliouchagua ni projekta ya bei nafuu inayouzwa kwa ahadi ya kugeuza sebule kuwa ukumbi wa sinema. Huko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, na Nchelenge kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, ambako Kiswahili huletwa na wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kongo, maandishi ya katoni huwa ya Kiingereza, na mwalimu ndiye anayeombwa kuyafasiri. Jirani aliyedunduliza fedha za samaki atanunua au ataacha kwa kutegemea tafsiri hiyo.

Tuzingatie sentensi mbili:

(a) Projekta hii inapokea picha ya pikseli 1920 kwa 1080.
(b) Projekta hii inaonyesha picha ya pikseli 1920 kwa 1080.

Kiima ni kilekile na yambwa ni ileile. Kilichobadilika ni kitenzi pekee. Hata hivyo, sentensi (a) yaweza kuwa kweli kwa mashine ambayo paneli yake ina pikseli 800 kwa 480 tu. Mashine hiyo hupokea picha yenye pikseli 2,073,600, kisha huipunguza hadi 384,000, yaani chini ya moja ya tano. Anayetazama rekodi ya Mutomboko, sherehe inayofanyika Mwansabombwe kila mwishoni mwa Julai, atamwona Mwata akicheza, lakini nakshi za mavazi yake zitafifia. Muuzaji hakusema uongo. Msomaji ndiye aliyekiruka kitenzi. Kwenye katoni, neno “supported” lifasiriwe kwa kitenzi kupokea. Idadi inayoambatana na neno “native” ndiyo ya paneli yenyewe.

Mtego wa pili umo katika kihusishi hadi. “Mwanga hadi lumeni 9,000” hutaja kikomo, wala haielezi hali ya kawaida. Aidha, lumeni zisizotajiwa njia ya upimaji hazilinganishwi. Katika kipimo cha ANSI, mwanga hupimwa katika sehemu tisa za picha na kutafutiwa wastani. Hicho ndicho tunachopendekeza kidaiwe. Ikumbukwe pia kwamba upana wa picha ukiongezwa maradufu, eneo lake huwa mara nne, na mwanga unaoangukia kila sehemu hubaki robo.

Wapo watakaosema kwamba projekta nafuu isinunuliwe kabisa. Hatukubaliani nao. Katika nchi hizi za karibu na ikweta jua huchwa mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo giza hupatikana bila mapazia mazito. Projekta yenye paneli ya pikseli 1280 kwa 720, ikitupa picha ya upana wa mita mbili kwenye ukuta mweupe, yaitosha familia. Lililo muhimu zaidi ni kuuliza inatumia wati ngapi, kwa kuwa ukame wa mwaka 2024 uliopunguza maji ya Kariba uliwazoesha Wazambia mgao mrefu wa umeme, na betri ya sola ina mipaka yake.

Kwa hiyo, msimamo wetu ni kwamba bei nafuu si kasoro. Kasoro ni kununua kwa kusoma tarakimu na kupuuza kitenzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza “kitenzi gani?” atazilinda fedha za wazazi wake.

Zoezi
1. Eleza tofauti ya maana kati ya inapokea, inaonyesha na inaweza kuonyesha.
2. Tunga tangazo la projekta lisilotumia kihusishi hadi wala mpaka, kisha eleza jinsi dai lake lilivyobadilika.