Mbele ya kulipia leza usoni

Franga ya mchimbaji imekwisha kugawanyika mbele haijafika nyumbani: bunga, minerval ya batoto, deni ya duka. Sasa ba mama wengine wanatafuta na pesa ya leza, ile mashine ya kutoa madoa meusi usoni. Inalipwa kwa séance, na séance moja haitoshi.

Hatusemi leza ni uongo. Ni mwangaza wenye nguvu unaotafuta melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, na kuipasua. Kwa mzungu mwenye doa kwenye ngozi nyeupe, kazi ni rahisi, maana weusi uko pale tu kwenye doa. Kwetu uko uso muzima. Mashine haijue kutenga rangi ya doa na rangi tuliyozaliwa nayo. Ikishikwa na mutu asiyeijua, inaunguza yote mbili, na mama anatoka na doa jeusi kupita la kwanza, ao na alama nyeupe. (Kuna hata leza ya mvuke wa shaba, shaba kama hii yetu! Mwangaza wake wa kijani unanaswa sana na ngozi nyeusi.) Waganga wanaojua ngozi yetu wanapendelea ile inaitwa Nd:YAG, ya nanometa 1064, kwa sababu inashuka chini bila kunaswa sana juu. Na hata hiyo wanaijaribu kwanza mahali padogo, wanangojea, ndipo wanagusa uso.

Lakini ulizo la kwanza si la mashine. Doa limetoka wapi?

Kama ni masque ya mimba, jua linaliongeza kila siku. Leza inaweza kulipunguza, kisha linarudi, mara ingine na nguvu zaidi. Kofia pana ni bei ndogo kuliko séance moja.

Kama ni mafuta ya kujieupisha, shida ni kubwa zaidi. Mwaka 1975, waganga wa Afrika ya Kusini walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake waliopakaa hidrokinoni: mashavu na chini ya macho vinakuwa vyeusi vya kibuluu, ngozi inakuwa ngumu. Mama anaona weusi, anaongeza mafuta, weusi unazidi. Ile rangi imekaa chini kabisa, na leza mara nyingi haiimalize. Inchi ile ilikataza hidrokinoni katika mafuta ya urembo mwaka 1990. Mafuta mengine yana zebaki, ile merkiri ya wachimba dhahabu, inayoharibu figo. Mapatano ya Minamata ya 2013 yanakataza mafuta ya urembo yenye kutiwa zebaki. Kwenye soko nani anapima?

Basi tunaomba wakubwa wa afya wa jimbo waulize kila mwenye kufungua nyumba ya leza: ni munganga wa ngozi, ao ni mwenye kununua mashine tu? Na hospitali za kampuni zisimurudishe bibi ya mfanyakazi ati haya ni mambo ya urembo. Uso ulioungua ni ugonjwa.

Na sisi wanaume tuseme kweli. Nani anasifu mwanamuke mweupe kwenye bar, kisha anagombeza bibi yake juu ya pesa ya mafuta?

Mama mwenye madoa akusanye tube zote, hata ile aliyonunua kwa siri, azipeleke kwa munganga mbele ya kulipa séance yoyote. Asiache kwa gafula peke yake mafuta yenye kotizoni aliyopakaa muda mrefu, kwa maana ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Munganga ndiye atamwambia namna ya kuyapunguza.