Gari la Mkononi na Historia Iliyofichwa

Ukitoka Kigoma mjini utafika Kidahwe, mahali barabara inapogawanyika: moja yaelekea Kasulu hadi Nyakanazi, nyingine yaelekea Uvinza na Tabora. Mwezi uliopita nilikaa hapo siku nne nyumbani kwa dada yangu. Chini ya mwembe wake limeegeshwa gari jeupe la mizigo, lenye namba za njano za kawaida, ambalo halijasogea tangu masika. Ni la mpwa wangu, mtumishi wa halmashauri, aliyelinunua kwa mkopo wa mshahara utakaomchukua miaka mitano kuulipa. Makato yanakatwa kila mwezi, na gari haliendi popote.

Injini ni nzima. Kilicho kibovu ni historia ya gari hilo.

“Mjomba, fundi alilikagua saa tatu nzima,” aliniambia. “Nilimwuliza kuhusu injini, giaboksi, hata matairi. Sikuuliza lilikuwa la nani.”

Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja, aliyelinunua kwa mwingine, ambaye naye alilipata baada ya mradi mmoja wa huduma kwa wakimbizi kufungwa. Katika safari hiyo yote kadi ilibaki na jina la shirika la awali. Muuzaji alimwambia kwamba kubadilisha jina ni kazi ya siku moja. Alipokwenda kuhamisha umiliki, akaelezwa kwamba gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Kwa kuwa sasa liko mikononi mwa mtu asiye na msamaha huo, kodi iliyosamehewa inapaswa kulipwa kabla jina halijabadilishwa. Kiasi hicho kinakaribia nusu ya bei aliyolinunulia. Shirika limekwishaondoka, na muuzaji hapokei simu.

Sisimulii kisa hiki ili kumcheka mpwa wangu. Nakisimulia kwa sababu sheria iliyomkamata ni halali, na maofisa waliomweleza ukweli walitimiza wajibu wao. Swali langu ni jingine: kwa nini taarifa ambayo Serikali ilikuwa nayo tangu siku gari liliposhuka bandarini ilimfikia raia baada ya yeye kulipa, na si kabla?

Mkoa wa Kigoma una sababu ya pekee ya kuuliza swali hili. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita vya Kongo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, kambi za Nduta na Mtendeli zilifunguliwa upya. Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika yalikuja magari. Miradi huisha, lakini magari hubaki na kuuzwa. Mengi huuzwa kwa utaratibu, kodi ikalipwa na jina likahamishwa. Lakini gari moja likiuzwa kwa kupeana mikono, kasoro hiyo humfuata kila anayelishika baadaye. Tena tuko mpakani. Kupitia Manyovu huingia magari yenye usajili wa nchi jirani kwa vibali vya muda. Gari la kibali si gari la kuuza, hata kama anayelileta ni jirani tunayemfahamu na kumheshimu.

Sokoni kwetu historia ya gari imefupishwa kuwa herufi. “Hii namba D,” “hii namba E,” dalali husema, na mnunuzi hutikisa kichwa kana kwamba ameelezwa jambo kubwa. Herufi hizo huonyesha takriban wakati gari liliposajiliwa Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa mwaka gani, na gari la mwaka 2004 laweza kuwa na namba mpya kabisa. Hazisemi lilibeba abiria au mizigo kwa miaka mingapi, wala limepita mikono mingapi. Kadi nayo hutaja mmiliki aliyesajiliwa sasa, waliomtangulia hawaonekani.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa ina kanuni ya kale isiyo na huruma: kwa kawaida, mtu hawezi kumpa mwingine umiliki asiokuwa nao. Aliyeiba akikuuzia, nia yako njema haitoshi kulifanya gari kuwa lako. Mrithi mmoja akikuuzia gari la marehemu kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, umenunua kesi ya familia. Mdaiwa akikuuzia gari lililowekwa dhamana, mkopeshaji anaweza kulifuata hadi barazani kwako. Vijana wa bodaboda wanaijua hali hii kuliko sisi wahadhiri: pikipiki ya mkataba huuzwa kabla mkataba haujamalizika, na mwenye mali huja asubuhi na funguo ya akiba.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi yake katika uwanja huo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya kujihami. Bei hiyo haimfai mwenye gari zuri, naye hujiondoa sokoni. Wanaobaki ni wenye magari mabovu. Hivyo kuficha taarifa hakumuumizi mnunuzi peke yake. Humwadhibu pia muuzaji mwaminifu, kwa sababu uaminifu wake hauwezi kuthibitishwa. Katika mji mdogo hasara hiyo hugeuka kuwa mashaka baina ya watu wanaokutana msikitini, kanisani na misibani.

Upo uamuzi wa kisera uliochangia, ingawa ulikuwa na nia njema. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Wananchi wengi tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini ada ile, pamoja na kero zake, ilimlazimisha mwenye gari kukumbuka rejesta kila mwaka. Siku hizi mtu anaweza kuendesha gari la jina la mwingine kwa miaka mingi bila kusukumwa na jambo lolote kulihamisha. Na kuhamisha kuna gharama: pamoja na ada kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Wengi huona ni nafuu kubaki na mkataba wa mkono na nakala ya kadi.

Muuzaji anayekubali hali hiyo hujidanganya. Maadamu jina lake limo katika rejesta, gari likisababisha ajali au kutumika katika uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Mnunuzi naye hurithi asivyovijua, zikiwemo faini za barabarani zilizoandikwa kwa namba ya gari.

Najua pingamizi litakalotolewa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami ni miongoni mwa walioipokea kwa furaha. Je, kufungua historia ya magari si kuanika majina ya watu? La. Mnunuzi hahitaji kujua majina ya waliotangulia. Anahitaji mambo matano: gari limepita kwa wamiliki wangapi na lini, liliingia kwa kulipiwa kodi au kwa msamaha, lilisajiliwa kwa matumizi binafsi au ya biashara, limewekwa dhamana au halikuwekwa, na kama kuna zuio au taarifa ya wizi. Hakuna faragha ya mtu inayovunjwa hapo. Uingereza, yeyote mwenye namba ya gari huweza kuona bure kwenye mtandao historia ya ukaguzi wake, pamoja na maili zilizosomwa kila mara, bila jina la mtu kutajwa.

Napendekeza, basi, kwamba mambo hayo matano yapatikane kwa simu ya kawaida, kwa namba ya gari, kwa ada isiyozidi nauli ya kwenda mjini. Napendekeza pia kwamba gari lililoingia kwa msamaha wa kodi liandikwe hivyo waziwazi kwenye kadi yake, kwa Kiswahili, ili hata mkulima wa michikichi asome na kuelewa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kwamba taarifa hizi zimekwisha kukusanywa. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumhesabu raia kuwa mmoja wa wanaostahili kuziona.

Hadi siku hiyo ifike, msinunue mbuzi kwenye gunia. Dai kadi halisi, si nakala. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyo kwenye kadi na iliyo kwenye chuma. Asiye mwenye jina kwenye kadi aonyeshe mamlaka yake ya kuuza: barua ya shirika, uteuzi wa mahakama, au maandishi ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha. Angalia faini kwa namba ya gari. Kisha nendeni pamoja, wewe na muuzaji, katika ofisi ya TRA kabla ya fedha kubadilisha mikono. Muuzaji anayekataa safari hiyo amekwisha kukujibu.

Mpwa wangu sasa anaweka akiba ili alipe kodi ya watu asiowajua. Jioni ya mwisho nilimkuta akiwasha injini, akaiacha ingurume dakika kumi, akaizima. “Betri isife,” alisema, akafunga mlango na kwenda kumwagilia bustani kwa ndoo.