Vumbi la Karakana Lisiingie Nyumbani



Baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja alibaki nyuma. Mumewe ni seremala, na karakana yake imepakana na jiko lao. "Maalim," akasema, "zamu yangu ya upatu imewadia. Nataka kumnunulia baba watoto mashine ya kufyonza vumbi, maana kikohozi hakimpi usingizi. Dukani nimeonyeshwa za kila namna. Nichukue ipi?"

Swali hilo lilinigusa, kwani marehemu ami yangu alikuwa fundi wa milango, nami utotoni nikimshikia mbao. Tulidhani vumbi ni lile la sakafuni, likifagiliwa limekwisha. Kumbe lenye madhara makubwa ni lile jembamba lisiloonekana, lielealo hewani hadi likaingia mapafuni. Vumbi la mvule huwawasha ngozi baadhi ya mafundi, na wengine huwapa pumu. Tena vumbi la mbao limethibitishwa na wataalamu kuwa husababisha saratani ya pua, na tangu 1995 limo katika orodha ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani.

Nilimwuliza, "Mumeo hutumia zana gani zaidi?" Akajibu, "Mashine ya msasa ya mkononi." Hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Mashine hizi ni za namna mbili. Ya kwanza huvuta kwa nguvu, lakini hewa ipitayo ni kidogo, mfano wa mtu anywaye dafu kwa mrija. Hiyo huifaa mashine ya msasa, na mpira wake huwa mwembamba, wa kipenyo cha milimita 27 hadi 36 hivi. Ya pili husukuma hewa nyingi kwa mvuto mdogo, kama feni kubwa. Hiyo ni ya mashine ya randa na misumeno mikubwa imwagayo maranda, na mpira wake huwa wa milimita 100 au zaidi. Ukiifunga hii ya pili kwenye mpira mwembamba, hukabwa koo, na fedha yako imepotea.

Mpira uwe mfupi kadiri ya haja, laini kwa ndani, usiwe na mikunjo mingi, kwa sababu kila kona hupunguza mvuto. Kabla ya kwenda dukani, pima tundu la kutolea vumbi la mashine ya mumeo, mpira ulingane nalo barabara. Pakivuja hapo, vumbi hurudi chumbani.

La mwisho ni chujio. Mashine ya kusafishia mazulia yenye chujio hafifu humeza vumbi kwa mbele na kulitema lile jembamba kwa nyuma. Tafuta yenye chujio la HEPA, ambalo hunasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo mno. Likiziba, lisafishwe nje, mbali na watoto, naye msafishaji avae barakoa. Wala mashine hiyo isifyonze cheche za chuma, kwani vumbi la mbao hushika moto.

Na hata mashine ikiwapo, fundi aendelee kuvaa barakoa, na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Kikohozi nacho kionwe na daktari, kwani mashine huzuia vumbi jipya, haitibu lililokwisha kuingia.

Sharia yetu haikubali mtu kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Riziki ya halali ni ibada, na mwili unaoitafuta ni amana. Dada yule aliondoka akiazimia kupima tundu la mashine jioni ile ile. Nanyi ambao waume na wana wenu ni mafundi, waulizeni leo: vumbi lao huenda wapi?

Wabillahi tawfiq.