Nani Kala Akiba ya Nguzo?

Kamba ikiwa na nguvu ya kubeba kilo 500, mhandisi mwenye akili ataining'iniza kilo 100 tu. Hizo 400 zilizobaki si ubadhirifu. Ni akiba ya roho za watu. Majengo nayo yana akiba yake: kanuni za Kiingereza za zege, walizotumia sana wahandisi wetu, zilitaka uzito wa jengo lenyewe uhesabiwe mara 1.4, na wa watu na vitu vyao mara 1.6. Kwa nini? Kwa sababu zege huchanganywa vibaya, na watu wakija harusini hawaji kwa hesabu.

Wenye fedha wakiona jengo limesimama kimya, hudhani akiba ile ni mali yao. Wanaila.

Kule Seoul, Korea Kusini, duka kubwa la Sampoong lilichorwa ghorofa nne, likaongezwa ya tano. Nguzo za sentimita 80 zikajengwa za 60. Piga hesabu, kijana: hapo nguzo imepoteza karibu nusu ya unene wake wa kubeba mzigo! Siku ya 29 Juni 1995 dari ilipasuka tangu asubuhi, wakubwa wakafunga ghorofa ya juu, wakaacha biashara iendelee chini. Jioni walikufa watu 502. Lakini wenzetu hawakulindana: mwenye duka, Lee Joon, alikwenda jela, na maofisa wa mji waliokula rushwa wakamfuata.

Tusiwacheke Wakorea. Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Jamani, ghorofa haifichwi mfukoni kama kitu kidogo! Ya 11 ilipomwagwa zege, wakaguzi walikuwa wanatazama wapi?

Anayebeba ndoo za zege kule juu ni wewe, kibarua, si kigogo. Basi tudai jambo moja dogo: kila penye ujenzi, bango liandikwe kwa tarakimu kubwa idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Muuza maji wa pale nje hana digrii, lakini kuhesabu mpaka kumi anajua.