Inanga na Mkono wa Mpigaji

Mila ni mali ya watu, lakini mali haihifadhiwi kwa kumtesa mrithi wake. Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kibondo hata Kasulu, Waha wamerithi inanga, ala iliyo ndugu ya inanga ya Burundi na Rwanda, na ya enanga ya Wahaya. Ni ubao mmoja uliochongwa mfano wa chano kirefu. Kamba moja hupitishwa huku na huku katika meno ya ncha zake mbili, ikawa nyuzi kadha wa kadha. Mpigaji huketi, akaiegemeza mapajani, akazigusa nyuzi kwa vidole huku akiimba au akisimulia. Sifa yake si ndogo; lakini sifa haiondoi ukweli kwamba ubao ni mzito, ukingo wake hubana kifundo cha mkono, na anayejifunza aghalabu huchoka mkono kabla hajachoka moyo.

Wako wapenzi wa mila wasemao kuwa ala hii isiguswe. Ukitaja kuuviringa ukingo ule, au kuongeza mkanda wa ngozi, au kuweka kipande cha mti cha kupumzishia mkono, utajibiwa: Mwacha asili ni mtumwa. Ukizidi kusema, utaambiwa: Mchagua jembe si mkulima. Methali hizi ni njema, ila zimetumwa mahali pasipo pao. Mchagua jembe ni yule anayetafuta udhuru wa kutolima. Yeye aliye shambani tangu alfajiri, akauparua mpini mpaka ukalainika, hakulikana jembe. Amejipa nguvu ya kulima mpaka jioni. Kwa nini basi lililo halali kwa mkulima liwe haramu kwa mwimbaji?

Yafaa tuulize asili ya inanga ni nini. Mimi nasema ni sauti yake, ulinganifu wa nyuzi zake, na maneno ya Kiha yanayochukuliwa na nyuzi hizo. Maumivu ya kifundo cha mkono hayamo katika hesabu hiyo. Hapana msikilizaji aliyepata kuyasikia, wala hapana wimbo uliopungua uzuri kwa kukosa kwao.

Na hapa walinzi wetu wamejifunga kwa kamba yao wenyewe. Zamani nyuzi za inanga zilitengenezwa kwa kano na matumbo ya ng'ombe. Siku hizi nailoni na waya zimeingia mahali pengi. Badiliko hilo limegusa roho ya ala, kwa kuwa uzi ukibadilika sauti nayo hubadilika. Limepita kimya kimya. Lakini kipande cha mti cha kuegemezea mkono, kisichogusa uzi hata mmoja, ndicho kinachopigiwa kelele! Mlinzi huyu ameweka kufuli dirishani, na mlango ameuacha wazi.

Tazameni wengine walivyofanya. Karibu na mwaka 1820 mpiga fidla Mjerumani, Louis Spohr, alibuni kipande cha kuegemezea kidevu. Fidla ikabaki fidla, na leo katika taarabu ya Unguja hupigwa na kipande hicho bila ya mtu kudai kuwa imeharibika. Wapigaji wa konsatina, kinanda kidogo cha mvukuto kilichobuniwa na Charles Wheatstone wa London katika karne ya 19, nao hushindana juu ya mikanda na viegemeo vya mikono. Mashindano yao hayajaizima sauti ya kinanda chao. Nyumbani kwetu, Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alipiga malimba makubwa yaliyoyapita yale madogo ya kawaida. Nani atathubutu kusema kuwa Zawose aliikana asili ya Wagogo?

Sisi wanafunzi wa lugha tunao mfano wa karibu zaidi. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji katika mkoa huu huu wa Kigoma, alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alisimama imara juu ya vina na mizani. Hata hivyo kitabu chake kilichapishwa kwa herufi za Kirumi, ilhali washairi wa kale waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mizani haikupungua hata moja. Kilichobadilika ni chombo cha mkono. Kilichohifadhiwa ni sheria ya sikio.

Sisemi kuwa kila badiliko ni jema. Naweka mipaka miwili. Kwanza, mzee ajuaye inanga na afumbe macho aisikilize: akitambua kuwa sauti imegeuka, badiliko lile na likataliwe. Pili, kitu kilichoongezwa kiweze kutengenezwa na fundi wa Kasulu au Kibondo kwa mti na ngozi ya pale pale, ili ala isiwe mateka wa duka la mbali. Ukingo ulioviringwa hupita mitihani hii. Mkanda wa ngozi hupita. Inanga ndogo ya kujifunzia watoto, iliyolinganishwa nyuzi kama ile kubwa, hupita pia. Nailoni, kwa mtihani wa kwanza, ina kesi ya kujibu.

Ala haifi kwa kupewa kiegemeo. Hufa kwa kukosa wapigaji. Kijana wa Buha leo anaweza kusikia muziki wa dunia nzima katika simu yake bila ya kuumia kidole. Tukimwambia kuwa uchungu ndio ada ya kuingia katika urithi wa babu zake, atatuachia urithi na uchungu wake pamoja. Inanga isiyoguswa itapata mahali pake ukutani, safi na bubu. Mimi naitaka mapajani mwa mtoto, na fundi aanze na ule ukingo.